Kadi ya Ilka

Jumatano shule hufungwa mchana, na kila Jumatano nilimfuata mama kwa baiskeli hadi nyumba ya masista, nje kidogo ya mji wa Leeuwarden. Mama aliwafundisha wanawake waliopewa hifadhi pale kuoka mikate. Kazi yangu ilikuwa kupaka siagi kwenye vyombo na kula mikate iliyoungua. Hiyo ya pili niliifanya kwa bidii zaidi.

Kati ya wanawake wale nilimpenda zaidi Ilka, kutoka Hungaria. Aliahidiwa kazi ya hoteli, lakini hoteli haikuwapo. Waliomleta walimnyang'anya pasipoti, wakamfungia na kumuuza kwa wanaume kwa miaka mitatu, mpaka polisi na watu wa kanisa walipomwokoa. Wiki za kwanza aliketi karibu na mlango, koti mwilini. Hakuna aliyemlazimisha kusali wala kusema. "Mungu hana haraka na mtu," Sista Tjitske, mkuu wa nyumba, alituambia. "Na sisi tumpe nafasi." Taratibu Ilka akavua koti, akakanda unga, akaanza hata kunitania.

"Jeltje, leo umekula mingapi? Bakiza hata ya kuuza!"

Sheria kubwa ya nyumba ile mama aliniapisha: jina la anayekaa mle halitajwi nje.

Siku moja Ilka aliniambia kwamba tarehe kumi na mbili Machi angetimiza miaka ishirini na mmoja.

"Nani atakupongeza?" nikamuuliza.

"Nani ananijua?" akajibu, akaendelea kukanda.

Nilisikia uchungu. Kwetu kusahau siku ya kuzaliwa ya mtu ni kumtukana, ndiyo maana kalenda ya siku za kuzaliwa hutundikwa chooni, mahali ambapo hakuna anayeweza kusema hakuiona. Bibi yangu Wietske huandika majina na anwani kwenye yake, na kila jina hulitumia kadi, hata la shemeji yake ambaye hawajasemezana miaka sita. Jumamosi ile nilikwenda kwa bibi, nikajifungia chooni na kalamu, nikaandika jina la Ilka na anwani ya nyumba ya masista. Nilitoka najiona malaika.

Machi ikafika. Jumatano ya wiki ya kuzaliwa kwake tulikuta jiko limepoa. Wanawake walikuwa wamesimama ukumbini. Ilka alikuwa karibu na mlango, koti mwilini, sanduku miguuni. Mama alikwenda kuzungumza na Sista, akarudi uso umembadilika.

"Imekuja kadi kwa jina lake," alininong'oneza. "Haina jina la aliyeituma. Imeandikwa, 'Hatujakusahau.' Wale watu wamempata. Gari linakuja kumhamisha."

"Anapelekwa wapi?"

"Mbali. Hata mimi siruhusiwi kujua."

Nikaikumbuka kalenda ya bibi. Nikisema, mama angeweza kufukuzwa kazi kwa sababu yangu. Nikinyamaza, Ilka angekwenda kuanza upya kwa watu asiowajua, akiikimbia kadi ya bibi kizee. Nje gari likasimama. Ilka akainama kuchukua sanduku.

"Sista, ngoja!" nikapaza sauti. "Ni mimi! Kadi ni ya bibi yangu. Niliandika jina la dada Ilka kwenye kalenda ya choo!"

"Jeltje!" Mama alipigwa na butwaa. "Nilikuapisha nini mimi?"

 Sista Tjitske aliniomba namba, akampigia bibi, simu ikiwa na sauti ya wote kusikia.

"Ndiyo, nimeituma mimi," bibi alijibu. "Kila jina la kalenda yangu huliandikia hayo hayo. Jina langu la nini? Mwandiko wangu unajulikana nchi nzima! Kwani imechelewa?"

Mwanamke mmoja aliangua kicheko, wengine wakashusha pumzi. Ilka hakucheka.

"Tangu asubuhi nilikuwa nimejificha chini ya kitanda," aliniambia. "Unajua nimeogopa kiasi gani?"

"Nisamehe, dada," nikasema, nikalia kweli kweli.

Sista alimwomba bibi afute jina lile siku hiyohiyo na asilitaje kwa mtu. Kisha akanishika bega.

"Mwanangu, ulitaka kutenda wema, lakini ulitoa siri isiyo yako, na mwenyewe hukumuuliza. Waliomtesa walimwamulia kila kitu. Sisi lazima tumuulize hata jambo dogo. Kosa ni lako, si la mama yako. Ila umesema ukweli gari likiwa bado mlangoni. Ungengoja kesho, ukweli wako usingemsaidia."

Halafu akamgeukia Ilka. "Gari lipo. Ukitaka kwenda, tutakusindikiza. Ukitaka kubaki, chumba ni chako. Sema wewe."

Ilka alitutazama mmoja mmoja, kana kwamba hakuamini kwamba swali lilikuwa lake.

"Ninabaki," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akarudia, safari hii kwa nguvu, hadi dereva nje akasikia: "Ninabaki!"