Abee ya Jikoni

Mashine zile mbili zilipowashwa, sebule ya Mzee Shemhilu ilijaa mvua. Si mvua ya kutoka kwenye kisanduku, la! Ilipiga bati juu, ikatiririka dirishani, mtu akajikuta anatafuta ndoo ya kukingia. Hizo ndizo zingasauti, nguzo nyembamba zinazofika kiunoni, zinazomwaga sauti pande zote kwa pamoja. Mwaka 2093 kila nyumba ya Tanga iliyojiweza ilikuwa nazo.

"Siri yake ni kuta, babu," alieleza Injinia Nuru Kallaghe, fundi wa kuzipanga, huku akivuta kochi. "Sauti inagonga ukuta, inarudi. Nguzo ikigusana na ukuta, mambo yanavurugika. Ikikaa pazuri, sikio lako linaunganisha sauti za nguzo mbili, linamwona mtu pale katikati pasipo na kitu. Tunaita taswira ya sauti."

Mzee aliitikia kwa adabu tu. Mvua haikumhusu. Alichotaka kilikuwa kimoja: sauti ya marehemu mkewe, Mama Zena. Kumbukumbu ya nyumba, ile mashine inayonasa kila kinachosemwa ndani, ilikuwa imeungua, kikaokolewa kipande kimoja kifupi. Nuru alikuwa amekipachika kwenye zingasauti ili kijibu mzee akiita.

Akapima, akasogeza, akang'oa hata pazia. "Haya, kaa hapo kochini, umwite."

"Mama Zena!"

"Abee! Nakuja!"

Ilitoka katikati ya sebule, juu ya zulia, safi kabisa. Nuru akatabasamu, maana kazi ilikuwa imenyooka. Mzee akakunja uso.

"Huyo nani?"

"Si mkeo huyo, babu!"

"Mke wangu? Akiwa hapa sebuleni nikimwita alikuwa haitiki, ananikata jicho tu, kana kwamba mimi kipofu. Abee ilikuwa ya jikoni, mwanangu."

Nuru hakujua acheke au aone haya. Vipimo vyake vyote vilikuwa vimemweka mama wa watu mahali ambapo hakuwahi kuitikia hata siku moja. Basi akavunja kanuni zote alizosomea: nguzo moja akaibana kwenye kona ya jikoni karibu na jokofu, nyingine mlangoni mwa korido. Mafundi wenzake wangemwona, wangemzomea.

"Mama Zena!"

"Abee! Nakuja!"

Lahaula! Ilitoka jikoni, na ule mwangwi wa vigae, kama mtu aliyeinamia sufuria. Mzee akashika mkono wa kochi. Machozi hayakuomba ruhusa. Akangoja, macho mlangoni, na mlangoni hakutokea mtu. Akainuka, magoti yakilia, akamfuata huku akiita tena. Alipolikaribia jokofu, sauti ikahama. Haikuwa tena ya Mama Zena pale mekoni. Ilikuwa ya nguzo, mbele ya tumbo lake.

"Amenikimbia," alisema.

"Hajakukimbia, babu. Taswira inamtaka aliyetulia. Ukiisogelea nguzo moja, sikio linasikia hiyo tu. Lazima ukae palepale kwenye kochi."

"Kwenye kochi nimekaa miaka arobaini na miwili! Naita, yeye anakuja. Maji, anakuja. Miwani, anakuja, na miwani yenyewe iko kichwani kwangu. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuinuka nikamfuata."

Nuru akaigeukia nguzo ya jikoni. "Tunaweza kulikata lile neno, nakuja. Ibaki abee peke yake, lisikutese."

"Usilikate. Alikuwa anakuja kweli." Alisimama mekoni, akiitazama sebule kutoka upande ambao hakuuzoea. Kochi lilionekana mbali. "Zima mitambo yako. Nenda ukae pale nilipokuwa, halafu uniite."

"Nikuiteje, babu?"

"Baba Zena. Kwa sauti, kama mtu mwenye haki yake."

Nuru akaenda, akakaa. "Baba Zena!"

"Naam!" ilitoka jikoni. "Nakuja!"

Akaja, hatua moja moja, gilasi ya maji mkononi, mkono mwingine ukipapasa ukuta. Ilichukua muda mrefu mno. Nuru, aliyelelewa kumwinukia mtu mzima, akajikuta ameshanyanyuka kwenda kumpokea.

"Kaa!" alifoka Mzee Shemhilu. "Mimi nilikuwa nakaa."