Sindano Isiyokuwepo

Kila asubuhi Chiriku alifagia uwanja huku akipiga soga, hata na ufagio wenyewe. Lakini asubuhi ile alifagia kimya. Dada yake alikuwa amekaa mlangoni akinywa maji, bilauri ya nne sasa, uso umekunjamana.

Dada alikuwa na miaka kumi na saba, na kwa wiki tatu alikuwa akiumwa chini ya kitovu. Daktari aliagiza apigwe picha ya nyonga kwa mashine ya ultrasaundi, tena afike kibofu kikiwa kimejaa. Jana yake Chiriku, kwa kutaka kuchekesha tu, alimwambia, "Watakuchoma sindano ndefu kama rula. Mwenzangu mmoja darasani kanisimulia." Hakuna aliyemsimulia. Dada hakucheka.

Hospitalini walikaa kwenye benchi, Mama katikati. Zamu yao ilipokaribia, Dada aliinuka akaenda chooni. Aliporudi alisema, "Mama, nimepona. Twendeni nyumbani." Mkono bado ulikuwa tumboni.

"Umekwenda haja baada ya maji yote yale?" Mama alihamaki. "Usiku hulali kwa maumivu, leo unaniletea ukaidi?"

Dada akaanza kulia. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Ugonjwa ule ukirudi nyumbani bila kujulikana, wa kulaumiwa ni nani kama si yeye?

"Mama, usimgombeze," alisema. "Mimi ndiye niliyemtisha. Nilimwambia kuna sindano. Nilitunga."

Mama alimvuta Dada karibu, akamfuta machozi.

Mpimaji, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alikuwa mlangoni mwa chumba cha kipimo na alisikia yote. Aliwaita ndani, akampaka Dada jeli ya baridi mkononi, akapitisha juu yake kifaa laini chenye ukubwa wa kipande cha sabuni.

"Ni hiki tu, na ni juu ya ngozi ya tumbo," alisema. "Nitakandamiza kidogo, utahisi mkojo umekubana, basi. Kibofu kikijaa ndipo tunaona vizuri ndani. Kanywe tena, usubiri saa moja."

Chiriku ndiye aliyekimbilia kujaza chupa. "Nisamehe, Dada."

"Nimeudhika nawe," Dada alijibu, akanywa. "Lakini tutaingia wote. Utanishika mkono."

Kipimo hakikuzidi dakika ishirini. Kwenye kioo cha mashine vilipita vivuli vya kijivu, na mpimaji akawaonyesha kifuko kidogo cha maji karibu na mji wa mimba. "Daktari atawaeleza zaidi," alisema. "Mmefanya vyema kuja mapema." Dada alifuta tumbo, akatoka mbio kwenda msalani.

Mama alibaki na Chiriku ukumbini. "Mzaha mzaha hutumbuka usaha, mwanangu," alisema taratibu. "Mgonjwa ana hofu yake tayari, usimwongezee. Jambo usilolijua, sema hulijui. Leo ungenyamaza, dada yako angerudi na ugonjwa wake, nami ningemwita mkaidi."