Bidon ya Bluu Iliyonyamaza

Kijijini Nyamitaba, asubuhi huanza na maziwa. Ng'ombe wakishakamuliwa, watoto hugombania povu. Kwa Bibiche mgombania povu alikuwa mmoja tu, naye hakushindwa kamwe: binti yake Kétsia, mwenye miaka mitano.

Siku hiyo Bibiche alikuwa na furaha. Alikuwa amepata bidon ya maziwa, dumu la bluu lenye kifuniko kinachofunga sawasawa. Jirani yake Euphrasie ndiye aliyemwelekeza.

"Bidon ya dawa ya kupe njo muzuri," alimwambia. "Ilikuwa na dawa, haikuwa na uchafu. Dawa inaua vijidudu. Hauone vile iko safi?"

Bibiche akaamini. Nani huogopa dawa? Dawa huponya. Akaisugua bidon kwa majivu na maji ya moto, akamimina maziwa ya jioni, yakalala humo. Kulipokucha akamjazia Kétsia kikombe. Yaliyobaki mumewe, Nzabandora, aliyafunga kwenye baiskeli, bidon na yote, ayapeleke Kitshanga kwa watengeneza jibini.

Jua halijapanda, Kétsia akaanza kutokwa na mate. Bibiche akamfuta huku akimtania: "Unataka maziwa ingine?" Mtoto hakucheka. Jasho lilimtiririka, naye hakuwa amekimbia popote. Akatapika. Mikono ikatetemeka.

Bibiche hakungoja. Alimbeba, akapanda pikipiki ya kwanza iliyopita. Njia nzima alimwita jina. Mara mtoto aliitika, mara hakuitika.

Kwenye kituo cha afya muganga alimfunua Kétsia macho. Mboni zilikuwa zimesinyaa kama tundu la sindano.

"Amekunywa nini, mama?"

"Maziwa tu, muganga. Maziwa ya ngombe yetu!"

"Uliiweka mu nini?"

"Mu bidon ya dawa."

Muganga aligeuka ghafla. "Dawa gani?"

"Dawa ya kupe."

"Ile haiko dawa, mama. Iko sumu."

Kwa mkono wake mwenyewe Bibiche alikuwa amemnywesha mwanawe sumu, tena alimhimiza amalize kikombe. Ndipo akaikumbuka baiskeli. Alishika simu, akampigia mumewe.

"Papa Kétsia, uko wapi? Maziwa umeshaitoa?"

"Bado. Niko naingia Kitshanga."

"Usimupe muntu! Wewe pia usionje! Rudisha yote!"

Muganga alichoma sindano, akangoja, akachoma nyingine. Walimvua Kétsia nguo zilizotapikiwa, wakamwosha. Bibiche alitaka kumtia kidole kooni atapike zaidi, lakini muganga akamshika mkono.

"Usimutapishe kwa nguvu. Inaweza kuingia mu mapafu. Ulifanya muzuri kukimbia huku mbio. Na ile bidon, waniletee niione."

Alasiri Nzabandora alifika na bidon, akifuatana na jirani yao Hubert, veterineri anayetibu mifugo. Kétsia alikuwa amelala, akipumua kwa shida. Hubert aliigeuza ile bidon huku na huku. Ubavuni palikuwa na picha ya ng'ombe mnene anayecheka, na chini yake maandishi madogo ya lugha ya mbali.

"Hata mimi mwenye kusoma sijue hii lugha," alisema.

"Sasa juu ya nini banaiuzisha hivi?" Bibiche aliuliza.

"Mbele kulikuwa sheria. Kila bidon ya sumu ilipashwa kuwa na kichwa cha mufu, na neno SUMU kwa Kiswahili. Ikiisha, mwenye duka anaitoboa, batu wasibebee maziwa ao maji. Plastiki inakunywa sumu, mama. Hata uisugue na majivu, haitoke."

"Na ile sheria ilienda wapi?"

"Kampuni yenye kuingiza hii sumu ililalamika. Ilisema sheria inazuia biashara. Wakubwa wa biashara mu serikali waliita kampuni, wakakaa nayo, wakasimamisha sheria. Wenye kunywa maziwa hawakuitwa. Sasa wanakuja Kitshanga kuifuta kabisa. Wamealika kampuni na wenye maduka."

"Na bamama?"

"Hapana."

"Kuko muntu wa kutufungia mulango?"

"Sizani."

Bibiche alimtazama mtoto kitandani. Hasira ilimpanda hadi ikakausha machozi. "Basi, tutaingia."

Kesho yake Kétsia aliomba uji. Bibiche alilia mbele ya watu wote, bila haya.

Siku ya mkutano, akina mama wa Nyamitaba waliingia ukumbini bila kualikwa. Kila mmoja alikuwa na bidon yake ya bluu, aliyoitoa jikoni. Zilipopangwa chini, Bibiche alishtuka. Zilikuwa nyingi kuliko alivyodhani. Kumbe kifo kilikuwa kimekaa mezani kwa kila nyumba.

Bibiche aliposimulia yaliyompata Kétsia, mjumbe wa kampuni alitabasamu. "Pole, mama. Lakini hii dawa iko ya ngombe. Nani alisema mubebee maziwa? Kosa si yetu."

Palikuwa na ukweli nusu katika neno hilo, na nusu hiyo ilimchoma Bibiche. Alitamani kukaa. Hakukaa.

"Kosa yangu ninaibeba, papa. Lakini mimi mulinionyesha ngombe munene. Juu ya nini hamukuandika sumu?"

"Tukiandika sumu, batu wataogopa!"

"Njo vile tunataka!" Bibiche alipaza sauti. "Waogope!"

Ukumbi ulilipuka kwa kelele. Katembo, mfanyabiashara aliyetoka Butembo na mwenye duka kubwa sokoni, akasimama upande wa walioalikwa.

"Mimi ninauzisha hii kitu," alisema. "Na batoto yangu wanakunywa maziwa ya Nyamitaba. Muandike."

Wakubwa walisema, "Tumesikia." Ni neno zuri, lakini linaweza kulala miaka. Kwa hiyo akina mama na wenye maduka hawakungoja. Walipatana palepale: bidon ya dawa isiyo na neno SUMU haitauzwa Kitshanga. Shehena ya kampuni ikalala ghalani, ikapigwa vumbi. Haukupita muda mrefu, kampuni yenyewe ikaanza kubandika karatasi za Kiswahili. Mwishowe sheria ikarudishwa. Biashara haikufa, wala ng'ombe hawakukosa kupuliziwa dawa ya kupe.

Leo Kétsia yuko shule, mwaka wa kwanza. Juzi alikwenda na mama yake dukani kwa Katembo, wakamkuta Euphrasie akilalamika. Katembo alikuwa ameshika msumari na nyundo, akiitoboa bidon tupu.

"Kaka Katembo, unaharibu bidon muzuri hivi! Nipe mimi, nitaiosha, nibebee maji tu."

Kétsia alisogea. Akaweka kidole kwenye karatasi, chini ya kichwa cha mfu, akasoma polepole kama mwalimu alivyomfundisha.

"Su. Mu."

Euphrasie akarudisha mkono wake nyuma.

"Iko sumu, Mama Euphrasie," alisema Kétsia. "Mimi niliikunywa."