Jina Kwenye Santuri

Mtoto alinyamaza katikati ya kilio, kama redio iliyokatikiwa na stima, na kwa muda mfupi sana Dorca alimshukuru Mungu. Binti yake alikuwa na siku nne duniani na alikuwa amezilia zote. Tangu asubuhi Apiyo, mama mkwe wake, alikuwa amempakata akimtajia wafu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, maana Wajaluo wanajua kwamba mtoto asiyenyamaza anadai jina, na marehemu anayemtaka akitajwa, kilio hukoma palepale.

"Kama ni wewe, Lornah, mwache anyonye. Kama ni wewe, Ogola, mwache anyonye."

Walikuwa wameshafika kwa mashangazi wa babu. Hakuna aliyeitika. Ndipo Zadock, mume wa Dorca, akaingia na mzaha wake.

Zadock alikuwa mwalimu wa muziki aliyewahi kusoma Ujerumani miaka miwili, na tangu arudi, miaka kumi na mmoja sasa, alikuwa akiandika kitabu kuhusu maisha ya Konrad Ehrlinger, mtunzi wa opera ambaye hata Wajerumani, Dorca alishuku, walimsahau kwa sababu nzuri. Alivaa skafu ya sufu. Kisumu. Mwezi wa pili. Wiki ile alikuwa amenunua sokoni Kibuye, katika vitu vya mzee Gurbachan aliyekuwa anahamia Kanada, gramafoni ya kuzungusha kwa mkono yenye pembe kubwa ya bati, na santuri moja nzito ya opera ya Ehrlinger, iliyorekodiwa mwaka wa 1907.

"Mama, wa kwetu wamekwisha?" alisema, akiiinua santuri. "Basi tujaribu wa ng'ambo." Akaisoma karatasi ya katikati kwa sauti ya mhubiri, kuanzia jina la mtunzi hadi maandishi madogo ya chini kabisa.

Mtoto akanyamaza.

Apiyo hakucheka. "Zadock, umemwita nani nyumbani kwangu?"

"Ni bahati tu, Mama."

"Bahati gani hiyo inayoelewa Kijerumani?"

Tangu hapo mtoto hakulia tena. Hakulia kwa njaa, hakulia kwa uchafu, hakulia alipodungwa sindano kliniki. "Una bahati, mama," nesi alimwambia Dorca. "Wangu alilia mpaka jirani akahama." Kisha akamweka kwenye mizani, akaitazama, akamtoa, akamweka tena, na maneno ya bahati yakaishia hapo. Mtoto asiyelia hadai ziwa. Dorca alimtia chuchu mdomoni, naye aliiacha humo kama kitu cha mtu mwingine. Mbavu zilianza kuonekana.

Siku ya sita tangu mtoto anyamaze ikaja harufu. Kila alasiri, saa tisa, wakati kijiji chao kizima cha Dunga kimelemewa na joto na uvundo wa yale magugu yaliyoziba ziwa mwaka ule, chumba cha mtoto kilinuka kafuri na makaa yaliyolowa, na baridi, kwani baridi nayo ina harufu, waulize wanaofungua majokofu ya samaki. Halafu sauti: shhhhh, mkwaruzo ule wa sindano kabla muziki haujaanza, ilhali gramafoni ilikuwa imefungwa sandukuni, sebuleni, chini ya kitambaa cha Apiyo.

Siku ya saba Dorca alisikia kikohozi.

Alidhani ni Apiyo. Lakini kupitia dirisha alimwona Apiyo uani akianika omena, vile visamaki vya ziwani, na kikohozi kikaja tena, kizito, chenye maji, kikohozi cha mtu mzima aliyekwisha kuchoka kukohoa, kikitoka nyuma ya pazia, na Dorca akaenda, kwa sababu aliyekuwa nyuma ya pazia lile alikuwa mtoto wake, akalivuta pazia, akamwona mwanawe amelala chali, macho wazi, kinywa kikifunguka na kufumbika polepole bila sauti kama cha mwanakwaya nyuma ya kioo, na kila kilipofunguka kilitoa mvuke, mvuke mweupe wa watu wa nchi za barafu, alasiri, Kisumu, jua likichoma mabati.

"Ni pumu," Zadock alisema jioni, kwa sauti ndogo.

"Umeuona mvuke?"

"Dorca, tafadhali."

"Umeuona, au hukuuona?"

Zadock aliivua skafu yake akamfunika mtoto. Hilo lilikuwa jibu.

Apiyo alimtuma mtu hadi soko la Pap Onditi kumwita Benta, mganga, ambaye asubuhi huuza nyanya na hawezi kuja mpaka ziishe. Alifika mchana, akakataa chai, akaagiza santuri ipigwe.

Ilikuwa sauti ya msichana. Si mama mnene wa opera kama Dorca alivyotarajia. Msichana, mwembamba hata kwa kusikika tu, akiipanda noti kama mtu anayepanda ngazi na ndoo kichwani. Juu ya mapaja ya Dorca, kinywa cha mtoto kilifuata kila neno. Noti ya mwisho ilipokatika, kabla sindano haijainuliwa, ndani ya mkwaruzo, mtu alikohoa.

Benta alijifunika kanga vizuri. "Huyu si mwanamume. Baba, ulisoma jina gani mtoto aliponyamaza?"

"Ehrlinger," Zadock alisema.

"Hapana," Dorca alisema. "Ulimtaja Ehrlinger akaendelea kulia. Alinyamaza ulipofika chini. Huko chini kumeandikwa nani?"

Zadock aliiinamia santuri. "Mathilde. Binti yake."

"Kitabuni mwako ana kurasa ngapi?"

"Ana… tanbihi."

"Tuambie."

Akawaambia, na kwa mara ya kwanza tangu waoane aliongea juu ya Ehrlinger bila kupandisha nyusi. Zamani hizo hakukuwa na maikrofoni. Mtu aliimba ndani ya pembe kama ile, na akikosea, nta ya kurekodia inatupwa, anaanza upya. Msichana alikuwa na miaka kumi na sita na kifua kibovu. Baba yake alimrudisha mbele ya pembe mara kumi na tisa. Alikufa siku tisa baadaye. Baba hakwenda mazishini. Alikuwa na onyesho. Kaburi halijulikani.

"Mara kumi na tisa," Apiyo alisema. "Na wewe unamwandikia baba kitabu."

Benta alisema kitakachofanyika. Kungezikwa tunda la yago, lile refu, zito kama mkono wa mtu, ambalo Wajaluo hulizika badala ya mtu aliyemezwa na ziwa asipatikane. "Lakini huyu ni msichana asiyeolewa. Atazikwa nje ya ua, aende zake. Mnanisikia? Nje."

Kesho yake alasiri walitoka, Benta mbele na tunda lililovikwa shuka, Apiyo akilia kilio cha msiba, Zadock na jembe, Dorca nyuma na mtoto. Kila hatua kuelekea langoni mtoto alizidi kuwa baridi. Benta alipokanyaga mstari wa lango, mvuke ulikoma. Dorca alingoja pumzi nyingine. Haikuja.

"Rudi!"

"Usisimame!" Benta alifoka. "Ni yeye anakataa! Pita!"

"Mtoto hapumui! Lete hapa!" Dorca akampokonya tunda kwa mkono mmoja, akakimbia nalo hadi ukutani kwa jiko lake, akapiga magoti. "Zadock, chimba!" Na Zadock, mtu wa vitabu, alichimba kama anayezima moto. Dorca alililaza tunda shimoni, akalifukia kwa kiganja, akisema chochote kilichomjia: "Inatosha, mwanangu. Inatosha. Hakuna anayekudai wimbo hapa. Huimbi tena. Lala."

Mtoto alivuta pumzi, akalia. Kilio kikali, cha njaa, cha matusi matupu, na Dorca akaketi kwenye udongo akamnyonyesha.

Benta, akikusanya vitu vyake, alimwita Dorca kwa jina la kwao alikozaliwa. "Umemzika ndani ya ua, Nyar Muhoroni. Tena umemwita 'mwanangu'."

"Mtoto wangu amelia. Si umesikia?"

"Nimesikia," Benta alisema. "Una watoto wawili sasa. Watunze." Hakugeuka tena mpaka barabarani.

Siku ya tatu baada ya maziko, alasiri, Zadock akiwa shuleni na Apiyo kanisani, Dorca alikuwa jikoni anakaanga samaki mtoto alipoanza kulia chumbani. Aliifuta mikono, akaepua sufuria. Kabla hajavuka mlango, kilio kilipungua. Mtu alikuwa akimbembeleza. Mtu alikuwa akivumisha wimbo mdogo, taratibu, midomo imefungwa, bila haraka na bila kupanda noti yoyote, na mtoto akicheua na kutulia kama anayejua mikono iliyomshika.

Kisha kikohozi.

Dorca alisimama mbele ya pazia. Angeweza kulivuta, angeweza kupiga yowe, Dunga yote ingekuja. Alifikiria mizani ya kliniki, ambayo asubuhi ile ilikuwa imepanda.

"Ukikohoa," alisema, kwa sauti aliyojitahidi iwe ya mama yeyote, "geukia ukutani. Usimkoholee mdogo wako."

Halafu, nyuma ya pazia, kitanda kikalia kidogo, kama mtu anayegeuka.