Chujio Lililogeuka Jeusi

Kila alfajiri Somoe aliamshwa na harufu ya mkaa unaoshika moto. Nyumba yao ya Chamazi ilikuwa na vyumba viwili na korido nyembamba katikati, na humo koridoni ndimo mama yake, Bi Zubeda, alimokaangia maandazi ya kuuza. Zamani walipikia uani, lakini banda la jiko lilianguka wakati wa masika, na baba yake Mwinshehe, dereva wa lori la mchanga, alikuwa bado hajapata nafasi ya kulijenga upya.

Somoe, mwanafunzi wa darasa la sita, alisukuma unga, akakata maandazi na kumsogezea mama yake karibu na karai. Macho yalimwasha. Kutoka chumbani alisikia kikohozi cha mdogo wake Talha.

"Mama, leo anakohoa sana," alisema.

"Mfungie mlango moshi usiingie," mama yake alijibu bila kuinua macho.

Somoe aliufunga mlango. Moshi ulipita chini yake.

Talha alikuwa na miaka sita, na alikuwa na pumu. Siku nyingine alicheza na wenzake bila shida. Siku nyingine alikaa kitandani, mabega juu, akivuta pumzi kama mtu anayenyonya maji kwa mrija ulioziba. Dawa ya kuvuta ilimsaidia kidogo, kisha kifua kikabana tena.

Kwenye zahanati, Daktari Apolonia alikuwa amewahi kuuliza, "Mama Talha, jiko lenu liko wapi?"

"Nje, daktari," Bi Zubeda alijibu haraka. "Uani kabisa."

Somoe alikuwa amekaa pembeni yake. Alimtazama mama yake, kisha akainamisha kichwa.

Mjomba wao Suleiman, aliyefanya kazi kwenye nyumba ya wageni Sinza, ndiye aliyeleta matumaini. Alikuja na boksi, ndani yake mkiwa na mashine nyeupe ya kusafisha hewa.

"Ndani yake mna chujio," alieleza, akitoa kitu cheupe chenye mikunjo mingi kama karatasi iliyopangwa. "Hewa inapita humu, vumbi dogo hata lisiloonekana kwa macho linanaswa. Iwekeni chumbani kwa Talha, madirisha myafunge."

Waliyafunga madirisha yote. Mashine ilinguruma taratibu, na Talha akalala mbele yake kama mtu anayepunga upepo. Usiku ule Bi Zubeda alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Lakini siku zilipita na Talha hakupona. Kikohozi kiliongezeka. Asubuhi alilalamika kichwa kinamgonga, na chapati aliyoipenda akaikataa. Mashine ilianza kunguruma kwa shida. Baba alipoifungua, chujio lililokuwa jeupe lilikuwa jeusi kama chini ya sufuria.

"Suleiman katuletea mashine mbovu," alisema. Akakaa kitandani, akajishika kichwa. "Kila tunachokifanya kinagonga ukuta. Mie sijui tena la kufanya."

Siku hiyo Bi Zubeda alianza kuzungumza juu ya kumpeleka Talha kwa bibi yake kisiwani Mafia, akakae huko moja kwa moja. Somoe alimsikia akilia huku anakanda unga. Alitamani kusema kitu, lakini hakujua aanzie wapi. Maandazi ndiyo yaliyowalisha. Akisema moshi ndio tatizo, je, watakula nini?

Asubuhi moja, kabla maandazi ya kwanza hayajaiva, Talha alitoka chumbani akijishika ukutani. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Hakuweza kusema hata neno "mama". Baba alimbeba wakakimbia naye zahanati, Bi Zubeda akifuata bila viatu, Somoe nyuma yao.

Waliwekwa kwenye benchi nje ya chumba cha matibabu. Talha alivikwa barakoa ya kuvutia dawa ya mvuke. Daktari Apolonia alipotoka, uso wake ulikuwa mzito.

"Shikamoo, daktari," Somoe alisema.

"Marahaba, mwanangu." Akawageukia wazazi. "Kwa sasa anapumua. Lakini akirudi kwenye hewa ileile, siwezi kuwaahidi chochote. Nieleze tena, Mama Talha. Nyumbani mnapikia wapi?"

"Nje," Bi Zubeda alinong'ona. Sauti yake ilikatika.

Somoe hakuwahi kumpinga mama yake mbele ya watu. Lakini ndani kule Talha alikuwa amelala kwenye kitanda cha chuma.

"Daktari, samahani," alisema. "Tunapikia koridoni. Kwa mkaa. Na madirisha tumeyafunga kwa sababu ya mashine."

Bi Zubeda alifunika uso kwa khanga. Somoe aliona mabega ya mama yake yanatikisika, akajiona amefanya jambo baya kuliko yote maishani mwake.

Daktari hakufoka. Alikaa kwenye benchi karibu na mama. "Mashine yenu si mbovu. Chujio lina kiasi chake. Linanasa vumbi na chembe za moshi, lakini likijaa haliwezi tena kufanya kazi. Tena kuna hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa, haina harufu wala rangi, na chujio hilo haliinasi. Mkifunga madirisha huku mkaa unawaka ndani, mnaweza kufa nyote. Kwanza toeni moto nje. Kisha badilisheni chujio. Mtafungua madirisha barabara ikiwa tulivu, mtayafunga malori yakitimua vumbi."

"Niliona haya, daktari," Bi Zubeda alisema. "Nilidhani utaniona mama mzembe."

Mwinshehe hakungoja Jumapili, siku yake ya mapumziko. Jioni ileile alichimbia nguzo uani, na jirani yao Stanley akampa mabati ya zamani. Mpaka banda lilipokamilika Bi Zubeda hakukaanga andazi hata moja, na nyumbani walikula ugali na mchicha. Wateja wengine hawakurudi. Mjomba Suleiman alileta chujio jipya, na Somoe akapewa kazi ya kulitazama na kusema mapema linapobadilika rangi.

Talha hakupona kwa siku moja. Bado kuna siku anazokaa kimya akivuta pumzi kwa uangalifu. Lakini analala bila kukohoa, na hakupelekwa Mafia.

Siku moja, wakikanda unga kwenye banda jipya, Somoe aliuliza kwa sauti ndogo, "Mama, bado umenikasirikia?"

Bi Zubeda alijipangusa mikono.

"Nilikasirika njia nzima ya kurudi nyumbani," alisema. "Nilipofika nikakiona kitanda cha Talha kitupu, hasira ikaisha. Sikia, mwanangu. Daktari anatibu anachoambiwa. Ukimficha ugonjwa unapoanzia, hata dawa nzuri na mashine nzuri zitashindwa, na anayeumia ni yule usiyetaka aumie. Mie niliona haya, karibu nimpoteze mtoto. Siku nyingine ukiniona ninaficha jambo kama lile, niambie. Hata mbele ya watu."