Aliyekuwa Akinawa Mikono

Haya yalimpata Mutsuko, jirani yetu wa ghorofa ya chini, mwanamke asiyejua hata kutia chumvi kwenye habari. Siku ilikuwa ya kawaida. Jua la mwisho wa Oktoba, magodoro yameanikwa vibarazani. Mutsuko na mdogo wake Shunji walipanda treni hadi mji wa Amagasaki kurudisha ufunguo wa nyumba aliyokuwa akipanga marehemu mama yao. Kabla ya hapo ilibidi watengeneze choo, kwa sababu kilikuwa kinajijaza maji chenyewe.

Choo hicho ndicho kilichowadanganya. Mama yao, Bi Tokie, aliishi peke yake, na kwenye mita yake ya maji palifungwa kifaa. Maji yakitumika, watoto wanapata ujumbe kwenye simu: "Maji yametumika. Mzazi wako yuko salama." Wakaridhika. Watu wazima wawili, miguu wanayo, nauli wanayo, wakamkabidhi mzazi wao kwa mita. Mama alipoacha kupokea simu, Mutsuko alimwambia Shunji, "Amenuna tu huyo. Si chooni anaenda?" Wakacheka.

Bi Tokie alikuwa amekufa tangu mvua za Juni. Alikutwa Oktoba, sanduku lake la barua lilipofurika. Siku zote hizo ujumbe uliendelea kuja. Salama. Salama.

Mutsuko hakulia. Alitaka kitu kimoja tu: iwe ni mpira. Mpira wa ndani ya tangi ukichakaa, maji huvuja, tangi hujijaza upya, mita inazunguka. Ikiwa ni mpira, basi walidanganywa. Hawakumtupa.

Mlangoni walikutana na Bi Hisae, jirani wa mama yao.

"Kumbe njia mnaijua," alisema.

"Tusamehe, mama," Shunji akajibu, macho chini.

"Mimi nilidhani yuko. Ukuta huu ni kama karatasi. Kila asubuhi namsikia ananawa."

"Ulisikia tangi likijaa," Mutsuko akasema. "Ni mpira tu."

"Haya, mwanangu." Bi Hisae alikuwa ameshashika kitasa chake. "Mpira unaojipangusa na taulo."

Akafunga mlango.

Ndani palikuwa patupu. Mikeka imeng'olewa, zimebaki mbao. Chooni, juu ya tangi, palikuwa na kile kibomba kilichopinda ambacho kila mtu anakijua: ukivuta choo, maji ya kujaza tangi hupitia pale kwanza, unanawa, yanaingia chini. Pembeni lilining'inia taulo dogo la bluu. Waliosafisha nyumba walilisahau.

"Weka mpira mpya twende zetu," Shunji akanong'ona.

"Nataka kujua kwanza."

"Kujua nini, dada?"

Mutsuko alichukua chupa ya sosi ya soya iliyobaki jikoni, akaimimina yote kwenye kibeseni kilicho juu ya tangi, chini ya kibomba. Maji ya ndani yakawa meusi. Kama mpira unavuja, weusi ungeteremka kwenye bakuli la choo. Wakakaa sakafuni, wakala matonge ya wali waliyonunua stesheni. Mutsuko alitafuna bila kuonja kitu.

Alipoinuka kutazama, bakuli lilikuwa jeupe. Alisubiri tena. Jeupe. Akainama, akapitisha kidole ndani ya bakuli, akakinusa.

Hakuna hata tone lililovuja.

Akarudi kukaa. Shunji alimtazama usoni.

Ndipo mkono wa kuvutia choo ukalia. Kraa. Maji yakashuka kwa kishindo.

"Dada," Shunji akanong'ona. "Wewe uko hapa. Mimi niko hapa."

Kibomba kikaanza kutiririka. Mwanzo maji yalitoa sauti moja. Kisha sauti ikakatika. Ikarudi. Ikakatika tena, polepole, kama maji yanayopita juu ya viganja, yakazunguka vidole, yakaanguka.

Simu zao mbili zikalia kwa pamoja. Hakuna aliyezitazama.

Mutsuko aliinuka. Hakuwa na ujasiri, wala woga. Hakuwa na kitu. Mlangoni pa choo akaona maji yakitoka kwenye kibomba, yakipinda hewani. Hayakuanguka wima. Yaligawanyika, yakazunguka kitu kisichoonekana, yakakutana chini yake. Taulo lilikuwa linadondosha maji.

"Mama," akasema.

Akanyoosha mkono wa kulia, akauingiza pale.

Maji yalikuwa ya vuguvugu. Tangi lile halina bomba la maji ya moto. Kitu kikaushika mkono wake, kikausugua taratibu, kidole kimoja kimoja, hadi tangi likajaa na kibomba kikanyamaza.

Shunji alifunga koki. Aliweka mpira mpya, ule wa zamani akautia mfukoni. Ulikuwa laini, mzima, hauna hata ufa. Ofisini kwa mwenye nyumba, waliporudisha ufunguo, karani aliuliza choo kilikuwa na tatizo gani.

"Mpira," Shunji akasema.

Karani akamtazama Mutsuko. Mutsuko akaitikia kwa kichwa. Hivyo ndivyo mambo yalivyofungwa, na wote watatu wakainamiana kwa heshima.

Tangu siku hiyo vidole vya mkono wa kulia wa Mutsuko vimekunjamana kama vya mtu aliyeloweka nguo mchana kutwa. Ngozi hainyooki. Simu yake haimtambui tena akiweka kidole. Mwishowe alikwenda kwa daktari. Daktari akamwambia afumbe macho, akachukua sindano.

"Unasikia?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana."

Mutsuko akafumbua macho. Palipochomwa hapakuwa na damu. Palitoka tone la maji, safi, likateleza hadi kwenye kiganja. Daktari akalifuta kwa pamba, akaitazama ile pamba, akaitupa.

Hakuchoma tena. Mutsuko akamshukuru, akavaa koti lake.