Feni ya Maji Nyuma ya Pazia

Kila asubuhi ya likizo ile ya Agosti, kazi ya kwanza ya Kirezi ilikuwa kuteremka bombani na jerikani mbili za njano, kupanga foleni, kisha kupanda nazo tena kilima cha Gatsata mpaka kwao. Kazi ya pili ilikuwa kufagia uani kabla vumbi la barabarani halijaanza kutimka. Ya tatu ilikuwa kumkalisha bibi yake, Nyirahabimana, kwenye kiti kando ya mlango, penye kivuli. Ikifika saa tano kivuli kilikuwa kimekwisha, na ndani ya nyumba napo hapakaliki.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kupanga, vyumba viwili katika safu ya nyumba nne ndani ya ua mmoja. Mwenye nyumba, Mzee Jean-Berchmans, aliishi katika nyumba kubwa iliyotazamana na dirisha lao. Nyumba za wapangaji alizijenga kwa matofali, akaziezeka kwa mabati, akaishia hapo. Dari hakuweka. Annick, mama yake Kirezi, alipomwomba dari, alijibiwa kwamba anaweza kuliweka mwenyewe kwa gharama yake, na siku ya kuhama aliache. Ukarimu wa namna hiyo hata shukrani hauhitaji.

Bibi alikuwa na miaka sabini na miwili na kifua kilichomsumbua tangu walipokuwa Buyenzi, kule Bujumbura, ambako Annick alizaliwa na ambako Kiswahili cha nyumbani kwao kilitoka. Joto likizidi, alipumua kwa shida na kukosa hamu ya kula. Mjomba Silvère, aliyekaa Rwezamenyo, upande mwingine wa mji, alikuwa amekwisha kusema kwamba hali ikiendelea hivyo atamchukua mama yake akaishi kwake. Kirezi hakutaka kabisa kulisikia neno hilo. Tangu akiwa na miaka mitatu alilala kitanda kimoja na Bibi, na sasa alikuwa na kumi na miwili. Nyumba bila Bibi hakuweza kuiwaza.

Ndiyo maana alipoona feni ya maji kwa rafiki yake Umulisa, kule Kanombe, hakuwa na amani tena. Ilikuwa mashine nyeupe yenye magurudumu na tangi la maji chini. Ukiiwasha, inakupulizia hewa ya baridi usoni. Umulisa aliishi katika nyumba ya baba yake, yenye madirisha makubwa yaliyokuwa wazi kutwa, lakini Kirezi hakuyatazama madirisha. Alitazama mashine tu. Akarudi nyumbani na wimbo mmoja, akauimba wiki mbili, mpaka Annick akachoka.

Annick alikuwa mpishi katika mgahawa mdogo wa mafundi wa magereji. Alikuwa ameweka akiba kidogo, akiwaza kama alimeze lile sharti la mwenye nyumba na kuweka dari. Mwishowe alisema dari litabaki kwa mwenye nyumba, lakini feni watahama nayo. Hapo huwezi kumlaumu. Mpangaji hununua kitu anachoweza kukibeba. Siku ya Jumamosi akaileta ndani ya boksi, akiwa ameifunika kwa kanga, maana kulikuwa na tatizo moja: nyumba zote nne zilitumia mita moja ya umeme, na Mzee Jean-Berchmans alikuwa amekataza pasi, jiko la umeme na chochote chenye kuunguruma.

"Huyu muzee akiona hii kitu, ataanza maneno," Annick alisema. "Tufunge dirisha. Na pazia pia."

Wakafunga. Kisha Annick akatoa karatasi ya maelezo ndani ya boksi, akamkabidhi binti yake. Yeye alisoma shule ya Kifaransa, na hakumaliza. Bibi hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, na Kirezi alikuwa wa kwanza darasani kwa Kiingereza. Barua, dawa, risiti, yote yalipitia kwake, naye alilipenda jambo hilo kuliko alivyokiri.

Alisoma kwamba maji yabadilishwe kila siku, akawaambia. Alisoma kwamba waya usishikwe kwa mikono iliyolowa, akawaambia. Kisha akafika kwenye maandishi meusi yaliyokozwa. Yalisema mashine itumike mahali penye hewa inayopita, dirisha au mlango ukiwa wazi, na kwamba isitumike kamwe katika chumba kilichofungwa.

Aliyaelewa vizuri sana. Alielewa pia kwamba akiyasema, mama yake atairudisha mashine dukani kesho yake, kwa sababu dirisha likiwa wazi Mzee ataiona. Duka lilikuwa limewapa siku saba za kurudisha. Na mashine ikirudi, Mjomba Silvère atakuja kumchukua Bibi.

"Imeandikwa nini tena?" Annick aliuliza.

"Basi, ni hayo tu," Kirezi alisema, akaikunja karatasi.

Siku ya kwanza ilikuwa raha. Bibi alikaa mbele ya feni, hewa ikampepea usoni, akasema yuko Musanze, kwenye baridi ya milimani. Walicheka wote. Siku ya tatu shuka zikawa na unyevunyevu. Sukari ikaganda koponi. Siku ya tano alama nyeusi zikaanza kuota ukutani nyuma ya kitanda, na Kirezi akazisugua kwa sabuni kabla mama yake hajarudi kazini. Joto halikuondoka. Lilibadilika tu, likawa joto la kunata, jasho likakataa kukauka mwilini. Bibi alianza kukohoa asubuhi, kisha mchana, kisha wakati wote.

"Hewa imekuwa nzito," alisema Bibi.

Annick akadhani mashine inahitaji nguvu zaidi. Akawa analeta vipande vya barafu kutoka mgahawani na kuvitia kwenye tangi. Kila alipofanya hivyo Kirezi alitazama pembeni. Siku ya sita alitaka kusema. Maneno yalifika mdomoni kabisa, lakini Annick akarudi amechoka, akaanza kusifu jinsi binti yake alivyowatafutia nafuu, na Kirezi akayameza. Siku ya saba ikapita. Baada ya hapo akajiambia kwamba kusema hakuna faida tena, kwa kuwa duka halitaipokea mashine. Mtu akiisha kuficha jambo, hakosi sababu ya kuendelea kulificha.

Siku ya kumi na moja, saa nane mchana, alirudi kutoka bombani akamkuta Bibi amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono imeshika magoti, mabega yakipanda na kushuka. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Alitaka kusema kitu, pumzi haikutosha. Feni ilikuwa inaunguruma, na chumba kilikuwa na harufu ya nguo zilizosahauliwa ndani ya beseni.

Kirezi aliruka mpaka dirishani, akashika komeo. Kupitia upenyo wa pazia alimwona Mzee Jean-Berchmans barazani kwake, miguu juu ya kigoda, akisikiliza redio. Mkono wake ukasita. Haukuwa muda mrefu, labda pumzi tatu za mtu mzima mwenye afya. Lakini alisita, na jambo hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko mengine yote. Kisha akaliacha komeo na kukimbilia nyumba ya jirani kumwita Mama Kenny.

Mama Kenny, jina lake Illuminée, alikuwa mshauri wa afya wa mtaa, mama mnene asiyependa kupoteza maneno. Aliingia, akanusa, akasukuma dirisha likagonga ukuta, akang'oa waya wa feni, akafungua mlango mpaka mwisho. Akamtoa Bibi nje, huku wapangaji wote wakitazama na Mzee amesimama barazani na mdomo wazi. Akapiga simu. Gari la wagonjwa likaja, likampeleka Bibi hospitali.

Asubuhi iliyofuata walikuwa nje ya wodi, Annick, Illuminée na Kirezi. Daktari alikuwa ameuliza mgonjwa alikuwa akilala mahali pa namna gani, na Illuminée akamweleza. Sasa Illuminée alitaka kujua ile mashine inatumiwaje. Annick alikuwa ameichukua karatasi ya maelezo nyumbani. Illuminée akaitazama, akaona Kiingereza, akamnyooshea Kirezi.

"Tusomee."

Kirezi alisoma habari ya maji. Alisoma habari ya waya. Akaanza kuikunja karatasi.

"Hayo meusi," Illuminée alisema, akiyagusa kwa kidole.

Akayasoma kwa Kiingereza, kisha akayasema kwa Kiswahili, kila neno. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilisikika. Illuminée akashusha pumzi, akamweleza Annick polepole kwamba feni ya namna ile haitengenezi baridi yenyewe, inageuza maji kuwa unyevu. Palipo wazi, unyevu unatoka na mtu anapata nafuu. Palipofungwa unabaki ndani, jasho halikauki, kuvu linaota, na kifua kibovu kinazidi kuwa kibovu.

Annick hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anamtazama mtoto wake.

"Siku ile uliyaona haya?"

"Niliyaona, mama."

"Ukaelewa?"

"Nilielewa."

Kirezi alingojea kofi. Halikuja. Annick alikaa kwenye benchi, akajifunika uso kwa kanga, na baada ya kitambo akasema kutoka humo ndani kwamba dirisha ni yeye aliyelifunga. Alimwogopa mwenye nyumba kuliko alivyoogopa kifua cha mama yake. Maneno hayo Kirezi angeyabadilisha kwa makofi kumi.

Mzee Jean-Berchmans naye alifika hospitalini, kwa heshima zote, na chupa ya juisi. Alisema walipaswa kumwambia tu, wangeelewana kuhusu umeme. Labda kweli wangeelewana. Lakini ni maneno mepesi kuyatoa wodini, na kuhusu dari hakugusia hata neno moja.

Bibi alikaa hospitali siku kumi na sita. Katika siku hizo Illuminée aliwakusanya wapangaji, wakatundika mikeka chini ya mabati ili ipunguze joto, wakapaka mabati chokaa nyeupe kwa juu, wakaweka wavu wa mbu dirishani ili libaki wazi mchana na usiku. Feni iliwekwa mbele ya dirisha, mbele ya macho ya kila mtu, na Annick akakubali kuongeza mchango wake wa umeme. Ikitumiwa hivyo ilisaidia kwa kiasi, saa za adhuhuri, kwa mtu aliyekaa karibu nayo. Si Musanze, ila nafuu. Mvua za Oktoba zilipoanza na hewa kujaa unyevu wenyewe, ikawa haina kazi, wakaisukuma kwenye kona.

Bibi lakini hakurudi Gatsata. Daktari alimkataza kulala tena katika chumba kile, na Mjomba Silvère akampeleka moja kwa moja Rwezamenyo. Kitu alichokiogopa Kirezi mpaka akanyamaza, kilikuja kwa sababu ya kunyamaza kwake. Alilala peke yake kitandani, upande wake uleule, ule mwingine akauacha.

Jumapili moja alikwenda na mama yake kumwona. Bibi alikuwa amekonda, ameegemea mito miwili, akizungumza maneno matatu na kupumzika. Kirezi alipiga magoti, akaomba msamaha, akaeleza mwenyewe tangu mwanzo, hata zile pumzi tatu alizosita dirishani, ambazo hakuna aliyezijua. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingiza mkono chini ya mto, akatoa bahasha ya hospitali.

"Silvère amenisomea," alisema. "Lakini ameniambia nitapona kabisa. Soma wewe."

Mjomba, aliyekuwa amesimama dirishani, akasogea haraka, akatingisha kichwa kumkataza. Annick akainama. Kirezi akafungua karatasi. Ilikuwa ya Kiingereza, maneno mengine magumu, lakini yale ya mwisho yalikuwa wazi kama yale meusi ya siku ile. Alitamani yawe magumu. Alitamani aseme ni hayo tu, aikunje.

"Imeandikwa kwamba mapafu yamepata madhara," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Imeandikwa hayatarudi kama zamani, Bibi. Dawa ni za maisha. Na wasikuache peke yako."

Mjomba alikunja uso. Bibi alifumba macho, akayafumbua, akamshika Kirezi mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa baridi.

"Mimi sijui kusoma, mwanangu. Macho yangu ya kusoma yalikuwa wewe." Akapumzika. "Nilikuwa nakuamini kuliko macho yangu haya. Ukimsomea mtu, msomee yote. Lile linalokutia hofu ndilo umsomee kwanza."

"Umenisamehe, Bibi?"

"Nimekusamehe." Akapumzika tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi. "Lakini kifua hakijui kusamehe. Lazima ulijue na hilo."

Kirezi akaitika. Bibi akaomba asomewe tena karatasi ile tangu juu, polepole, ili aishike kichwani, na Kirezi akaisoma yote.